David Livingstone, Ziwa Mweru na kilima cha mito minne

Daktari na mmisionari Mskoti David Livingstone alifika Ziwa Mweru mwezi Novemba 1867 akitafuta chanzo cha Mto Nile. Maji aliyoyakuta hapo hayaendi Misri, na milima yenye theluji iliyotajwa na wanajiografia wa kale ilikuwa kilomita zipatazo elfu moja kaskazini. Alifariki bila kulijua hilo.

Ufuko wa Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, huamka mapema. Mitumbwi hurudi na samaki kabla jua halijawa kali, na boti hungoja abiria wanaokwenda kisiwani Kilwa au wanaovuka hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ambako ufuko wa pili nao una mji uitwao Kilwa. Jina hilo ni lile lile la bandari ya kale ya Waswahili kusini mwa pwani ya Tanzania. Upande wa Zambia lugha kubwa ni Kibemba. Ukivuka maji, Kiswahili ndicho kinachokupokea. Wakongo wengi waliokimbia vita wanaujua ufuko huu vizuri, na tangu 2018 maelfu yao wamepewa makazi Mantapala, katika wilaya hiyo hiyo ya Nchelenge.

Nyuma ya Kilwa ya Congo nchi inapanda kuelekea uwanda wa juu wa Kundelungu, ambao sehemu yake ni Hifadhi ya Taifa tangu 1970. Mtu anayepanda huko akitarajia ncha ya mlima hukuta majani na upepo. Kilele cha Kundelungu ni tambarare kama meza, mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kingo zake zimekatika ghafla kiasi kwamba Mto Lofoi unaporomoka mita zaidi ya 300 kwa mruko mmoja. Mvua inayonyesha juu ya meza hiyo hugawanyika: mingine huteremka mashariki kuelekea Luapula na Ziwa Mweru, mingine magharibi kuelekea Mto Lufira. Lakini mgawanyiko huo ni wa muda tu. Mito yote hiyo hukutana tena katika Lualaba, nayo Lualaba ndiyo Mto Congo kabla haujapewa jina hilo.

Leo jambo hilo husomwa katika ramani yoyote ya shule. Mwaka 1867 hapakuwa na mtu mmoja aliyelijua lote. Wavuvi wa Mweru walijua mahali maji yanapotokea ziwani, wafanyabiashara wa Nyangwe waliujua mto unaopita kwao, na mabaharia wa Kireno waliujua mlango wa Congo kwenye bahari ya Atlantiki, lakini hakuna aliyekuwa ameviunganisha vipande hivyo. Livingstone alijaribu kuviunganisha, na akaviunganisha vibaya.

Mtoto wa kiwanda cha pamba

Alizaliwa Machi 19, 1813 katika kijiji cha Blantyre, karibu na mji wa Glasgow, katika familia maskini iliyoishi chumba kimoja ndani ya jengo la wafanyakazi wa kiwanda. Akiwa na miaka 10 alianza kazi katika kiwanda hicho cha pamba, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, kisha akaenda darasani. Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Baadaye alisoma udaktari Glasgow, akajiunga na Shirika la Wamisionari la London, na mwaka 1841 akashuka melini Cape Town.

Miaka kumi na mitano iliyofuata ndiyo iliyompa sifa. Mwaka 1844 simba alimshambulia na kuuvunja mkono wake wa kushoto, jeraha ambalo lilikuja kuwa na kazi nyingine miaka thelathini baadaye. Mwaka uliofuata alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari. Kati ya 1853 na 1856, akisindikizwa na Wakololo waliopewa ruhusa na mfalme wao Sekeletu, alitoka katikati ya Zambezi hadi Luanda kwenye Atlantiki, akarudi, akateremka hadi Quelimane kwenye Bahari ya Hindi. Njiani, Novemba 1855, wenyeji walimpeleka Mosi-oa-Tunya, maporomoko ambayo yeye aliyaita kwa jina la malkia wake.

Uingereza ilimpokea kama shujaa, ikamrudisha na meli na fedha za serikali. Safari hiyo ya pili ya Zambezi, kuanzia 1858 hadi 1864, ilikwenda vibaya. Mto ulizibwa na maporomoko ya Cahora Bassa, wenzake waligombana naye, na Aprili 1862 mkewe Mary alifariki kwa homa huko Shupanga, akazikwa chini ya mbuyu. Livingstone alirudi nyumbani akiwa mtu aliyepungua, mwenye umri wa miaka 51, na serikali isiyokuwa na haraka ya kumtuma tena.

Milima ya vitabuni

Mwaka huo huo wa 1864, mji wa Bath nchini Uingereza ulikuwa umeandaa mdahalo kati ya Richard Burton na John Hanning Speke kuhusu chanzo cha Nile. Speke alikuwa ameliona Ziwa Viktoria na kudai kwamba ndilo. Burton alikuwa na shaka, akilitazama Tanganyika. Siku moja kabla ya mdahalo Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni, na swali likabaki wazi. Chama cha Kifalme cha Jiografia kilimwomba Livingstone alimalize.

Yeye hakuwaamini wote wawili. Aliamini zaidi watu waliokufa kabla ya wote. Mwanahistoria wa Kigiriki Herodoto, karne ya tano kabla ya Kristo, alisimulia habari aliyopewa na karani wa hekalu moja la Misri: kwamba Nile huchipuka katika chemchemi zisizo na kina kati ya milima miwili yenye vilele vilivyochongoka, iitwayo Krofi na Mofi, na kwamba nusu ya maji huenda kaskazini na nusu kusini. Herodoto mwenyewe alishuku kwamba karani alikuwa akimfanyia mzaha. Karne sita baadaye Ptolemaio wa Aleksandria alichora Milima ya Mwezi, yenye theluji inayolisha maziwa ya Nile. Habari zake zilitoka kwa mabaharia waliofika Rhapta, bandari ya pwani ya Afrika Mashariki ambayo mahali pake hasa hapajulikani hadi leo. Kwa maneno mengine, ramani ile ya Aleksandria ilianzia kwenye mazungumzo ya baraza za pwani yetu.

Ptolemaio aliiweka milima hiyo kusini sana mwa Ikweta, karibu na nyuzi 12. Livingstone alipokuwa akizunguka kati ya nyuzi 10 na 12 kusini, akiona nchi ya juu inayotoa vijito kila upande, alihisi kwamba mzee wa Aleksandria anathibitishwa mbele ya macho yake. Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Habari ya milima ilikuwa ya kweli. Mahali ilipowekwa ndipo palipokuwa si pake.

Mweru, 1867

Aliondoka Zanzibar Machi 1866, akaingia bara kupitia Rovuma. Walikuwapo askari wa Kihindi, watu wa Nzwani wa visiwa vya Komoro, vijana waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik nchini India, na watu wawili ambao historia haikuwasahau: Abdullah Susi na James Chuma. Kabla ya mwaka kwisha msafara ulikuwa umevunjika. Watu wa Nzwani walitoroka, wakarudi pwani na kueneza habari kwamba bwana wao ameuawa. Januari 1867 wapagazi wengine walitoroka na sanduku la dawa, pamoja na kwinini yote. Kwa mtu mwenye homa za mara kwa mara, katika nchi ya vinamasi, hiyo ilikuwa hukumu ya polepole.

Akavuka Mto Chambeshi, akageuka kaskazini, akazuiwa na vita kati ya chifu Nsama wa Itabwa na wafanyabiashara wa pembe kutoka pwani. Kiongozi wa wafanyabiashara hao alikuwa kijana Hamed bin Muhammed, ambaye watu wengi humjua kwa jina la Tippu Tip. Hapa kuna jambo ambalo wasimuliaji wengi wa maisha ya Livingstone hulipita haraka: adui mkubwa wa biashara ya utumwa alisafiri, alikula na alitibiwa na watu walioishi kwa biashara hiyo. Bila chakula chao na barua zao za utambulisho asingefika ziwani. Alilijua hilo, na lilimsumbua.

Novemba 8, 1867 alifika ufuko wa kaskazini wa Mweru na kulala katika kibanda cha mvuvi. Aliona ziwa kubwa lenye safu za milima mashariki na magharibi. Aliandika majina ya samaki aliyoletewa, aliuliza mito inayoingia, na zaidi ya yote aliuliza maji yanatokea wapi. Jibu lilikuwa sahihi kabisa: Luapula huingia kusini, na kaskazini magharibi, panapoitwa Pweto, mto hutoka na kukata milima kuelekea kaskazini. Mto unaokwenda kaskazini! Kwa mtu aliyetoka Uingereza na ramani tupu ya kati ya Mweru na Misri, neno hilo moja lilitosha kujaza nafasi yote.

Wiki mbili baadaye alifika kwa Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda wa Luapula, ambaye watu wake walikuwa wamewahi kupokea wajumbe wa Kireno tangu karne iliyotangulia. Ikulu ilikuwa kando ya ziwa dogo la Mofwe. Mwata alimpokea kwa heshima, akamruhusu aende popote. Huko pia alimkuta Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara mzee mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa amezuiliwa kuondoka kwa miaka zaidi ya kumi, na ujio wa mgeni huyo ukawa sababu ya mzee kupata ruhusa ya kwenda zake. Watu wa Kazembe walimweleza Livingstone mfumo wote wa maji: Chambeshi huingia Bangweulu, Bangweulu hutoa Luapula, Luapula huingia Mweru, Mweru hutoa mto wa Pweto, ambao leo huitwa Luvua. Hiyo ndiyo jiografia ya kweli ya Congo ya juu, na hakukuwa na kosa hata moja katika maelezo yao. Yeye aliongeza kipande cha mwisho kutoka kichwani mwake.

Mwaka 1868 alitaka kwenda kuliona Bangweulu. Wengi wa wafuasi wake, waliochoka na wenye njaa, walikataa. Alikwenda na watu 5 tu, akafika Julai 18. Kisha alirudi kaskazini akiugua nimonia, akabebwa kwa machela, akaingia Ujiji Machi 1869. Mizigo aliyotumiwa kutoka pwani ilikuwa imeibwa.

Mto usiopanda

Miaka miwili iliyofuata aliimaliza Manyema, mashariki mwa Congo ya leo, akijaribu kuufikia Lualaba. Vidonda vya miguu vilimlaza Kabambare kwa miezi. Wino uliisha, alitengeneza maji ya rangi kutoka matunda ya mti na kuandika shajara juu ya kurasa za gazeti kuukuu, mistari yake ikikatiza ile iliyochapwa. Maandishi hayo yalififia kiasi kwamba yalisomeka vizuri kwa mara ya kwanza mwaka 2011, kwa msaada wa picha za mwanga maalumu.

Alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871. Hapo aliuona Lualaba, mto mpana uendao kaskazini, na akataka mitumbwi aufuate. Hakuna aliyemuuzia. Julai 15, siku ya gulio, watu wa wafanyabiashara wa pwani waliufyatulia risasi umati sokoni, ambao wengi wao walikuwa wanawake waliokuja kuuza. Mamia walikufa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Livingstone aliona yote. Aliacha mto, akageuka nyuma na kutembea hadi Ujiji, ambako mwishoni mwa mwaka huo mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alimkuta. Simulizi yake ya Nyangwe ilipofika London ilisaidia kulazimisha mkataba wa Juni 5, 1873, ambao kwao Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Zanzibar. Wakati huo Livingstone alikuwa ameshakufa mwezi mmoja uliopita, na Zanzibar ilikuwa bado haijajua.

Pamoja na Stanley walikwenda kaskazini mwa Tanganyika na kukuta Mto Rusizi unaingia ziwani badala ya kutoka. Tanganyika likaondolewa katika kesi ya Nile. Lualaba ikabaki, na Livingstone akawa na uhakika zaidi kuliko awali, ingawa mara kwa mara shaka ilimjia kwamba pengine alikuwa akiufuata Congo. Stanley alimsihi warudi Uingereza. Alikataa. Mpango wake ulikuwa kuzunguka kusini mwa Bangweulu, kisha kwenda magharibi hadi kwenye chemchemi nne ambazo alisimuliwa na wasafiri kwamba ziko karibu karibu kwenye kilima kimoja, mbili zikielekea kaskazini na mbili kusini.

Na hapa inafaa kumtendea haki. Mahali hapo, kwa namna fulani, papo. Kwenye mpaka wa Zambia na Katanga, Lualaba na Lufira huanza safari yao kuelekea kaskazini, na si mbali na hapo Kafue na Zambezi huanza kuelekea kusini. Maji hugawanyika kama karani wa hekalu alivyosema. Kinachokosekana ni vilele: nchi hiyo ni mgongo mpana wenye misitu, ambao mtu anaweza kuuvuka bila kutambua kwamba amevuka kitu.

Wiki ya mwisho

Aliondoka Unyanyembe, karibu na Tabora, Agosti 25, 1872, akiwa na watu wapya waliotumwa na Stanley, pamoja na Susi na Chuma. Mvua ziliwakuta kwenye vinamasi vya Bangweulu. Saa zake za kupimia longitudo zilikuwa zimepata hitilafu miaka ya nyuma, hivyo ramani aliyoichora 1868 ilimdanganya yeye mwenyewe, akapotea ndani ya nchi aliyoipima kwa mkono wake. Alikuwa akitokwa na damu kwa bawasiri aliyokataa kupasuliwa akiwa Uingereza. Kuanzia Aprili 1873 hakuweza kutembea. Walimtengenezea machela ya miti na kumbeba ndani ya maji.

Katika siku hizo shajara yake ina tarehe tu, karibu bila maneno. Mahali fulani njiani, wenyeji walipokuja kumtazama mgeni aliyelala kivulini, aliwauliza kama wanakijua kilima ambacho mito minne huanzia juu yake. Msemaji wao alijibu kwamba hawakijui. Wao si wasafiri. Waliokuwa wakisafiri kibiashara miongoni mwao walikuwa wamekufa wote, kwa kuwa mji wao wa kukutania uliharibiwa na wavamizi wa Kingoni. Livingstone aliwashukuru na kuwaaga.

Alifariki katika kijiji cha Chitambo, kusini mashariki mwa Bangweulu, usiku wa kuamkia Mei 1, 1873. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Wafuasi wake waliuzika moyo wake chini ya mti wa mupundu, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua kwa siku kumi na nne, wakaufunga kwa kaniki, gamba la mti na turubai. Kisha waliubeba hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,600, safari iliyowachukua miezi tisa na kuwaua baadhi yao. London, madaktari waliutambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba. Ulizikwa Westminster Abbey Aprili 18, 1874.

Kilele chenyewe

Mwaka huo huo Verney Lovett Cameron alifika Nyangwe na kufanya jambo rahisi: alipima mwinuko. Lualaba hapo ulikuwa chini kuliko Nile ulivyo Gondokoro, mamia ya kilomita kaskazini. Maji hayapandi mlima. Stanley alimaliza ubishi kwa kuufuata mto wote, akatokea Boma karibu na Atlantiki Agosti 1877.

Milima yenye theluji iliendelea kujificha. Stanley alipiga kambi karibu nayo 1876 bila kuitambua, kwa sababu Rwenzori hufunikwa na mawingu sehemu kubwa ya mwaka. Aliiona Mei 1888. Kilele kilifikiwa Juni 18, 1906, na mwanamfalme wa Italia Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, akiwa na waongoza njia wa Alps na msafara mrefu wa wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo hadi kwenye baridi wasiyokuwa na mavazi yake.

Rwenzori si volkano kama Kilimanjaro au Nyiragongo. Ni bonge la mwamba wa kale lililosukumwa juu kati ya nyufa za Bonde la Ufa, huku bonde la Semliki likididimia kando yake upande wa magharibi. Kwa hiyo haina kilele kimoja cha duara, bali makundi sita ya vilele yaliyotenganishwa na mabonde yenye matope, lobelia na miti ya mhita iliyovaa kuvu. Kundi refu kuliko yote ni Mlima Stanley, na juu yake vimesimama vilele viwili vilivyokaribiana: Margherita, mita 5,109, na Alexandra, mita 5,091. Mtu aliyewahi kusoma habari ya Krofi na Mofi hawezi kuvitazama vilele hivyo viwili vilivyochongoka bila kushtuka kidogo. Mpaka wa nchi unapita hapo hapo: upande mmoja ni Hifadhi ya Taifa ya Virunga ya Congo, iliyoanzishwa 1925, na upande mwingine ni Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori ya Uganda, iliyotangazwa 1991.

Lakini kilele hiki kinatofautiana na hadithi ya karani katika jambo moja. Maji yake hayagawanyiki. Yanayoteremka upande wa Congo huingia moja kwa moja Semliki. Yanayoteremka upande wa Uganda huingia Ziwa George, hupita mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward, kisha nayo huingia Semliki. Yote huishia Ziwa Albert, na Ziwa Albert ni Nile. Mchango wa theluji katika mto huo ni mdogo sana ukilinganishwa na mvua, na unazidi kupungua: barafu iliyofunika karibu kilomita 7 za mraba wakati wa msafara wa 1906 ilikuwa imebaki chini ya kilomita 1 ya mraba mwanzoni mwa karne hii. Wakonzo, wanaoishi kwenye miteremko ya pande zote mbili za mpaka, huiona ikipungua kutoka shambani.

Swali la Livingstone kuhusu kilima cha mito minne halimo katika maandishi yake. Linajulikana kwa sababu Susi na Chuma walikuwapo alipoliuliza. Hawakuwahi mazishi ya Westminster. Walipofika Uingereza baadaye mwaka 1874, walikaa na mhariri Horace Waller kwa miezi, wakimfafanulia shajara ukurasa kwa ukurasa, na pale kurasa zilipokuwa na tarehe tupu, wao walimweleza yaliyotokea.